Shajara ya saiti: bwawa la udongo na mashamba ya zabibu, Dodoma

Juni, wiki ya kwanza

Mkandarasi amekabidhiwa saiti. Kwa atakayesoma hapa bila kuiona michoro: ni tuta la udongo lenye kimo cha mita 14 na urefu wa mita 380, linaloziba korongo la mchanga kati ya vilima viwili vya mawe. Likijaa litashika maji mita za ujazo milioni 1.2. Chini yake unafuata mfereji mkuu, vigawa maji, kisha mashamba ya zabibu na vitunguu. Mimi ni mhandisi mkazi. Ninalala kambini kwa niaba ya mhandisi mshauri, na hakuna tabaka la udongo linalofunikwa kabla maabara yetu haijalipima.

Nimekuja hapa nikitokea Rufiji, na wenzangu wananitania kwamba nimeshushwa cheo. Bwawa la Julius Nyerere lina kimo cha mita 131, ni zege la kushindiliwa kwa rola, na lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Kule wakati wa ujenzi kila mchanganyiko wa zege ulikuwa na cheti chake, na haukupita muda bila ujumbe wa viongozi kufika na kofia ngumu mpya. Hapa tupo mimi, fundi sanifu wa maabara, mpimaji na mlinzi. Bwawa dogo halina wageni wa heshima, na hiyo ndiyo hatari yake. Zege tunalitengeneza wenyewe kwa vipimo. Udongo tunaukuta ulivyo, na shimo moja linaweza kuwa na udongo wa aina tatu.

Juni, wiki ya tatu

Mtaro wa msingi umeanza kuchimbwa. Katikati ya korongo mchanga una kina cha mita tano, na chini yake maji bado yanatembea ingawa juu pamekauka kabisa. Wanawake wa kijiji wanalijua hilo kuliko ripoti ya haidrolojia: ndipo wanapochimba visima vyao vya kiangazi. Ukijenga tuta juu ya mchanga huo, maji yatapita chini kwa chini kuelekea upande wa pili, tuta limesimama linatazama. Kwa hiyo tunakwenda hadi kwenye mwamba.

Foromani alitaka tuishie kwenye changarawe ngumu. Tumeendelea. Pampu mbili zinafanya kazi mchana na usiku, na mwamba ukishafikiwa unafagiliwa kwa fagio, unapulizwa kwa kompresa, na nyufa zake zinajazwa uji wa saruji. Mtu anayepita barabarani akiona vijana wanafagia mwamba shimoni atadhani tumechanganyikiwa.

Julai, mwanzoni

Wiki nzito. Nitaandika kwa kirefu, kwa sababu kila kitakachofuata kinatokana na hapa.

Machimbo A, mita mia nne kutoka kwenye tuta, upande wa juu wa korongo, ndiyo yaliyotajwa kwenye mkataba kuwa chanzo cha udongo wa kiini, yaani sehemu ya katikati ya tuta inayozuia maji. Kwenye karatasi ni udongo mzuri: mfinyanzi wa kahawia, unanata, na vipimo vya chembe vimekaa vizuri. Lakini ukizunguka kuta za makorongo yaliyo jirani unaona mashimo yanayoingia ardhini wima na kutokea pembeni, mengine yanaingiza mkono mzima. Mvua haijaichonga ardhi ile kwa juu tu. Imeipekecha kwa ndani. Nilipoona yale mashimo sikuhitaji kuambiwa zaidi, ila mkandarasi anahitaji kuonyeshwa.

Fundi sanifu wangu, binti mdogo mwenye mikono mitulivu sana, alinunua maji ya betri kituo cha mafuta, yale safi ya kuongezea, si ya asidi. Maji ya kisima cha kambi yana chumvi na yangeficha jibu. Akapanga glasi mezani, akatia kila moja donge la udongo lenye ukubwa wa punje ya mbaazi, bila kulikoroga wala kuitikisa meza. Donge kutoka machimbo C, ng'ambo ya barabara, lilibomoka taratibu likakaa chini na maji juu yake yakabaki safi. Donge la machimbo A lilianza kutoa ukungu pembeni, ukungu ukatambaa sakafuni mwa glasi, na dakika kumi hazijaisha maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Tukarudia kwa sampuli za kina tofauti. Zaidi ya nusu zilifanya vilevile.

Huo ni udongo unaotawanyika majini. Una sodiamu nyingi, na chembe zake zikishalowa zinasukumana badala ya kushikana. Vipimo vya kawaida vya chekeche na unato havilioni jambo hili; ndiyo maana ripoti ya zamani ilikuwa sahihi na bado haitufai. Katika miaka ya 1970 Mmarekani James Sherard na wenzake walilishughulikia sana baada ya kuona matuta madogo yaliyojengwa vizuri yakitoboka kwenye mvua za kwanza, wakabuni jaribio la kupitisha maji kwenye tundu la sindano ndani ya udongo ulioshindiliwa. Tundu likipanuka na maji yakatoka machafu, umejua. Tuta halihitaji ufa mkubwa. Ufa mwembamba kama uzi pembeni ya bomba unatosha. Maji yanapita, yanabeba chembe, njia inapanuka, na kinachofuata hakihesabiwi kwa siku bali kwa saa.

Nilimsimulia meneja wa mkandarasi habari za Teton, jimbo la Idaho, Marekani. Udongo wa kule haukuwa wa aina hii. Ulikuwa wa vumbi laini lililoletwa na upepo, lakini nao ni mwepesi kubebwa na maji. Tuta lenye kimo cha mita 93, likijazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 waliona maji yenye tope yakitoka ubavuni. Mabuldoza yakapelekwa kuziba tundu, tundu likayameza. Kabla ya saa sita mchana kilele kilikuwa kimekwenda, na watu 11 wakapoteza maisha.

Akasema, "Mama injinia, malambo yote ya huku yamejengwa kwa udongo huuhuu."

Ni kweli. Nami nikamwomba twende tukayaone. Lambo la kwanza tulilolifikia limekatika pembeni ya bomba, na ng'ombe wanapita pale lilipokatika.

Uamuzi: kiini chote kitatoka machimbo C. Udongo wa machimbo A utatumika upande wa nje wa chini tu, nyuma ya chujio, na pale utakapokutana na hewa au bomba utachanganywa na chokaa asilimia tatu kwa uzito. Umbali wa kusomba umekuwa kilomita tatu badala ya mita mia nne, na hati ya mabadiliko imekwenda kwa mwajiri ikiwa na picha za zile glasi. Machimbo C ni mashamba ya mtama ya familia kadhaa. Bahati nzuri mavuno yameshatoka. Mtendaji wa kijiji amesimamia malipo, na udongo wa juu tunauweka kando ili urudishwe.

Julai, mwishoni

Chujio. Katikati ya tuta, nyuma tu ya kiini, linasimama pazia la mchanga lenye upana wa mita moja kutoka msingini hadi karibu na kilele, na chini yake tandiko la mchanga na kokoto linalotoa maji nje. Kazi yake ni moja: kiini kikipasuka, na siku moja kitapasuka, mchanga uzishike chembe na kuruhusu maji tu yapite. Kanuni ya msingi ni ya mhandisi Karl Terzaghi: chembe za mchanga ziwe ndogo kiasi cha kuzuia udongo na kubwa kiasi cha kupitisha maji.

Mchanga upo korongoni bila kununua, ila una vumbi. Vumbi likizidi, mchanga unashikana, na chujio linalopasuka pamoja na kiini si chujio tena. Kwa hiyo tunaosha. Kupima ni kama mchezo wa watoto: unajaza kopo mchanga mbichi, unaushindilia, unaupindua kwenye sinia, kisha unatia maji taratibu pembeni. Ukiporomoka, unafaa. Ukibaki umesimama, urudi kuoshwa. Sinia tatu za kwanza zilibaki zimesimama imara kabisa, na madereva wa tipa waliokuwa wanatazama wakashangilia, wakidhani ndiyo sifa.

Agosti, wiki ya pili

Tabaka baada ya tabaka. Sentimita 20 zikishashindiliwa, rola ya miguu ya kondoo mara nane, jaribio la koni ya mchanga kupima kama udongo umeshindiliwa vya kutosha, kukwaruza juu, tabaka jingine. Hakuna cha kusimulia, na inatakiwa iwe hivyo.

Shida ni upepo. Agosti huku unavuma tangu asubuhi na kuunyonya unyevu kabla rola haijafika. Tangu R. R. Proctor aandike mwaka 1933, akiwa kwenye ujenzi wa mabwawa huko California, kila fundi anajua kwamba udongo una unyevu wake wa kushindiliwa: mkavu unabaki na nafasi, mbichi mno unakuwa raba chini ya rola. Kwa kiini nataka uzidi kidogo kile kipimo bora, ili tuta lipinde badala ya kupasuka. Tumehamishia maboza ya maji usiku. Udongo unalowekwa machimboni, unalala, unasombwa alfajiri. Meneja amelalamika kuhusu posho za usiku, kisha akaona matabaka yanayokataliwa yamepungua, akanyamaza.

Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo amefika na kompyuta yenye programu ya uthabiti wa miteremko. Programu ni nzuri. Nimemwambia kabla ya kuifungua aviringishe udongo kiganjani hadi uwe uzi wa milimita tatu, autazame unakatikia wapi. Ameuliza kwa nini asitumie namba za maabara. Atatumia. Lakini akiwa na muhuri wake wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ataitwa saa kumi na moja jioni kusema tabaka lifunikwe au lisifunikwe, na maabara itakuwa imefungwa.

Agosti, kikao cha watumia maji

Chama cha umwagiliaji kimeundwa, na kikao cha kwanza kimetaka hekta 200. Diwani ameshaitaja namba hiyo hadharani. Nilichukua chaki.

Likijaa, milioni 1.2. Toa laki mbili za chini, ambazo ni nafasi ya tope na maji ya samaki. Toa laki tatu zinazobebwa na jua katika kiangazi kimoja: Dodoma hupata mvua ya kama milimita 570 kwa mwaka, na maji yaliyo wazi hupoteza karibu mita mbili kwa mwaka huohuo. Toa laki moja ya mifugo, ya nyumbani na ya kupenya ardhini. Zinabaki laki sita. Zabibu na vitunguu pamoja na upotevu wa mfereji, chukua mita za ujazo elfu tisa kwa hekta. Ni hekta 65 au 66, basi.

Kimya kilikuwa kirefu. Mzee mmoja akauliza, "Na mwaka usiojaa?" Lilikuwa swali bora kuliko yote ya kikao. Tumekubaliana hekta 50 zenye haki ya kila mwaka, na 15 zinazosubiri vipimo vya bwawa vya mwishoni mwa Aprili.

Niliwasimulia skimu ya Lower Moshi, nilikoanza kazi nikiwa fundi wa kupima mtiririko. Ilikamilika 1987 kwa msaada wa Japani, ikisanifiwa kwa hekta 2,300, mifereji ya zege na majaruba yaliyosawazishwa. Mpunga ulikubali mno. Walio upande wa juu wa banio, pale maji yanapogeuzwa kutoka mtoni, wakaona, nao wakafungua mashamba yao, na maji yaliyokuwa yamepigiwa hesabu hayakufika tena yote chini. Usanifu haukuwa na kosa. Uliwahesabu waliokuwa ndani ya mpaka wa ramani tu. Hapa juu yetu kuna vitongoji viwili, na nimesisitiza viongozi wao waingie kwenye kamati sasa, kabla ya pampu za kwanza kuletwa.

Septemba

Bomba la kutolea maji limelazwa na kufunikwa kwa zege. Michoro ya awali ilikuwa na kola za zege kulizunguka, mtindo wa zamani wa kurefusha njia ya maji. Shida yake ni kwamba rola haifiki kwenye pembe za kola, na udongo legevu unabaki palepale usipotakiwa. Tumeziondoa tukaweka ukuta wa mchanga wa chujio sehemu ya nyuma ya bomba. Kuta za zege zimeinamishwa kidogo ili rola iubane udongo juu yake.

Wafugaji wamefika na fimbo zao, wamekaa chini ya mbuyu, wakasubiri chai iishe ndipo waseme. Njia ya ng'ombe ya miaka yote inapita pale tutakapokuwa na mita tisa za maji. Hakuna aliyewauliza. Birika la kunyweshea lilikuwa kwenye michoro, lakini upande wa mashamba! Ng'ombe mia tatu wapite katikati ya vitunguu wakanywe. Limehamishiwa bega la kulia, pale tuta linapokutana na kilima, nyuma ya tuta, likiwa na bomba lake na njia pana ya kufikia. Wao wamejitolea kupanda minyaa kando ya tuta, kwa sababu kwato zikipanda tuta kila siku nyasi hazitakaa.

Oktoba

Utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji yanayozidi, umechongwa kwenye mwamba wa bega la kushoto, upana mita 60, na kizingiti chake kiko mita mbili na nusu chini ya kilele cha tuta. Kila mgeni anauona ni mkubwa kupindukia kwa korongo ambalo leo halina hata tone. Eneo linalokusanya maji ni kilomita za mraba 90, limepungukiwa majani, na mvua zake huja kwa kishindo. Matuta mengi ya udongo duniani hufa kwa njia mbili: maji kupita ndani au maji kupita juu. Ya ndani tumeyashughulikia kwa chujio. Ya juu dawa yake ni huu upana. Waliozikwa Solai, kaunti ya Nakuru, baada ya tuta la shamba kupasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 walikuwa zaidi ya 40, na lile halikuwa bwawa kubwa.

Kuhusu tope. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi, akiwemo Anders Rapp, walipima mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, yote ya hukuhuku Dodoma, wakakuta tope linajaa kwa kasi ambayo wajenzi hawakuitarajia. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Majani yalirudi. Wafugaji walilipa gharama. Sioni namna ya kurudia hilo hapa, na nisingependa. Tunajenga vizuizi vya mawe kwenye makorongo madogo ya juu, na vijana wa vitongoji vile viwili ndio wanaolipwa kuvijenga.

Novemba

Mawe yamepangwa upande wa maji. Nyasi zimepandwa upande wa nyuma na zinamwagiliwa kwa boza. Piezomita tano, mirija ya kupima shinikizo la maji ndani ya udongo, zimefungwa. Kibao chenye mkato wa V, cha kupimia mtiririko, kimewekwa panapotokea maji ya chujio. Mfereji mkuu umebaki mita mia saba.

Desemba, wiki ya tatu

Maji yalishuka korongoni usiku. Sauti ilisikika kambini kabla hayajafika. Tulikuwa na valvu wazi kabisa ili kimo kisipande kwa pupa, lakini bomba la milimita 600 halibishani na korongo lililofurika. Asubuhi bwawa lilikuwa na mita 4.1.

Zamu za ukaguzi ni za saa sita sita. Piezomita ya kwanza na ya pili, zilizo ndani ya kiini, zimeanza kupanda polepole. Ya tatu, nyuma ya chujio, haijasogea. Kibao cha V kimebaki kikavu kwa muda, kisha kikaanza kutoa maji kidogo, chini ya nusu lita kwa sekunde. Tunayakinga kwenye chupa na kuyatazama juani. Ni safi. Ufa mmoja mwembamba umeonekana kileleni karibu na bega la kulia. Umechimbwa, una kina cha sentimita 30, ni wa kukauka tu, na umejazwa.

Januari, mwishoni

Bwawa limejaa na utoro umetiririka kwa mara ya kwanza, kina cha sentimita 20 juu ya kizingiti. Watu wamekuja kutazama hadi kutoka tarafa ya pili. Siku mbili baadaye mlinzi amekuta viroba vya mchanga vimepangwa kwenye kizingiti, safu mbili nadhifu. Nia inaeleweka: kwa nini maji yaende bure? Lakini kila sentimita inayowekwa pale inatolewa kwenye ile mita mbili na nusu inayolilinda tuta, na mafuriko makubwa hayatasubiri mtu aje kuviondoa viroba.

Nimeita kamati ya chama papo hapo, tumeviondoa pamoja, na mwenyekiti mwenyewe amebeba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ina vifungu vya usalama wa mabwawa, lakini nimependelea iandikwe kwenye sheria ndogo za chama, na faini iwekwe nao. Wameweka kubwa kuliko niliyopendekeza.

Februari, wiki ya kwanza

Yaliyobaki kabla ya makabidhiano: mita 120 za mfereji, malango mawili ya vigawa maji, fundi wa kuchomelea anatoka mjini Alhamisi, kurudisha udongo wa juu machimbo C kabla wenye mashamba hawajakosa msimu mzima, kuwafundisha wahudumu wawili wa bwawa kusoma piezomita na kujaza daftari. Mmoja wao ni mfugaji kijana kutoka kitongoji cha juu. Ameomba daftari liwe la karatasi ngumu, maana zile za kawaida zinaliwa na mchwa. Nimeagiza manne.